Bute Haihitaji Mshauri wa Siku Kumi

Kuna kauli moja inayopendwa na watu wenye nia njema, na kwa sababu ya hiyo nia njema wengi huona haya kuipinga. Utaisikia kwenye warsha za hotelini Garissa. Utaisikia kwa afisa wa kaunti anayetaka kufunga mkutano kabla ya adhuhuri. Utaisikia Nairobi, kwa watu ambao hawajawahi kuvuka Isiolo. Yasema hivi: mtu wa Bute hana haja na mwanasaikolojia aliyesomea kazi hiyo na kusajiliwa. Huyo ni wa Kilimani huko Nairobi, mwenye kochi la ngozi na boksi la tishu. Mtu wa Bute ana maalimu wake na wazee wake, na mambo yakizidi atafutiwe kijana wa hapo hapo, afunzwe siku kumi, apewe fulana na cheti, aanze kazi. Kumsomesha mtu miaka sita au saba ndipo jina lake liingie kwenye sajili ya bodi ni kuwapotezea maskini muda na pesa.

Naipinga kauli hii, na naipinga kwa ukali zaidi kwa kuwa wanaoisema ni marafiki zetu. Adui akikudharau unamshtukia mapema. Rafiki anayekukadiria kidogo hukaa nawe miaka, mkinywa chai pamoja.

Tuanze na mji wenyewe. Bute iko Wajir Kaskazini, upande wa mpaka wa Ethiopia. Nyumbani watu huzungumza Kiborana au Kisomali, na wako wanaoruka kati ya lugha hizo mbili ndani ya sentensi moja. Kiarabu ni cha dugsi, darasa la Qur'an, na cha msikitini. Kiswahili ni cha sokoni, cha askari na cha ofisi. Kiingereza ni cha darasani. Ni nchi ya wafugaji, na mfugaji akifiwa na mifugo, pamoja na mali huondoka kazi yake, mahari ya mwanawe, na uzito wa neno lake kikaoni. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikataa misimu mitano mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2, wengi wao wa kaskazini. Nyuma ya ukame huo kuna mengine. Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Sheria za hali ya hatari zilizokaa juu ya vichwa vya watu hadi 1991. Wagalla, Februari 1984, kiwanja cha ndege ambako serikali ilikiri watu 57 tu walikufa, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano katika ripoti yake ya 2013 ikasema huenda walikaribia elfu moja. Basi la Mandera, Novemba 2014, abiria 28 waliouawa. Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148. Kamuthe, Januari 2020, walimu watatu, na baada yao walimu wasio wenyeji wakahamishwa kwa wingi, watoto wakabaki na ubao.

Sitaji haya ili tuonewe huruma. Huruma tumepewa ya kutosha. Nayataja kwa sababu ya hesabu. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa na watu karibu milioni 2.5 katika sensa ya 2019, na humo ndimo zilimo kesi ambazo hata mtaalamu wa miaka ishirini angezishika kwa tahadhari: kiwewe cha vizazi vitatu ndani ya nyumba moja, huzuni iliyochanganyika na njaa, kifafa kinachoitwa jini, kijana wa miraa aliyekesha usiku nne na sasa anajibizana na sauti. Pendekezo la marafiki zetu ni kwamba kesi ngumu kuliko zote zipelekwe kwa mtu aliyefunzwa kidogo kuliko wote. Mama wa Bute akihitaji kupasuliwa ili mtoto atoke, hakuna atakayesimama barazani aseme atafutwe kijana mwenye mkono mwepesi.

Hapo hunijibu: kupasua ni kupasua, lakini huku ni mazungumzo tu, na mazungumzo hayaui mtu.

Mazungumzo hudhuru, na hili lina ushahidi. Baada ya mkasa, jambo la kwanza linalomjia mtu wa siku kumi ni kuwakusanya walionusurika, siku ile ile au kesho yake, awaketishe duara, na kumtaka kila mmoja aeleze aliyoyaona. Yaonekana ni busara. Miaka ya 1980 na 1990 mbinu hiyo ilienea dunia nzima, ikatumiwa kwa wazima moto, kwa askari, kwa walionusurika ajali. Kisha ikapimwa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2002 yalikuta kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii kiwewe cha kudumu, na katika baadhi ya tafiti waliopitishwa humo walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye kuliko walioachwa. Shirika la Afya Duniani likashauri kisitumike. Kinachopendekezwa siku zile za mwanzo ni vitu vya kawaida kabisa: usalama, maji, simu ya kumpigia nduguye, mtu wa kukaa naye, na kusikilizwa akitaka kusema, bila kulazimishwa. Mwanafunzi wa saikolojia hukutana na habari hii darasani na kuulizwa kwenye mtihani. Kijana mwenye fulana hana wa kumwambia, maana aliyemfunza naye alifunzwa siku kumi.

Sasa kaa asubuhi moja kwenye benchi la kituo cha afya huku kwetu. Mama ameleta mwanawe. Kifundo cha mguu wa kijana kina kovu jeusi la mviringo, na juu ya kovu soksi imekunjwa mara mbili, kwa kuwa mnyororo umefunguliwa alfajiri hiyo tu kwa ajili ya safari. Muuguzi ni mtu wa Kirinyaga, mwema, amechoka. Mkalimani ni mlinzi wa lango. Mama anazungumza Kiborana kwa dakika tatu nzima: mkono unapanda kichwani, unashuka kifuani, unaonyesha upande wa mashariki, sauti inakatika, anaanza tena. Mlinzi anasikiliza mpaka mwisho, anamgeukia muuguzi, anasema, “Anasema kijana halali.” Muuguzi anaandika: halali.

Ndani ya zile dakika tatu mlikuwa na kila kitu. Ilianza lini. Nini kilitangulia. Kama kijana huanguka na kutetemeka au hukaa kimya akitazama ukuta. Kama babu yake alikuwa hivyo. Ni kwa maelezo kama hayo mtu hutenganisha kifafa na kiwewe, na kiwewe na ule ugonjwa wa akili unaotaka dawa. Mwanasaikolojia mwenyewe haandiki dawa. Hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili. Lakini nusu ya usomi wake ni kutambua kwamba huyu aliye mbele yangu si wangu, apelekwe kwa daktari leo, si kesho. Siku kumi hazifundishi hilo. Siku kumi humpa mtu ujasiri, na mwenye ujasiri atamfanyia kijana wa kifafa ushauri nasaha mwaka mzima.

Kwa hiyo awe mtu anayeisikia lugha ya mama yule bila mlinzi wa lango katikati. Hapo mimi na wapinzani wangu hatuna ugomvi. Tunachogombania ni kama huyo mtu wa kwetu asomeshwe hadi mwisho au tumshushe njiani tukisema, hapa panatosha kwa watu wenu.

Mpinzani makini atatoa tafiti mfukoni, nami nazitaka mezani, maana ndizo hoja yake nzito. Atataja Harare, ambako tangu 2006 Dixon Chibanda amewafunza nyanya wa mitaani kuketi kwenye benchi na kusikiliza watu, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yakaonyesha kwamba waliosikilizwa walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Atataja kambi ya Nakivale, Uganda, ambako wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa kiwewe na washauri ambao wenyewe walikuwa wakimbizi, na wakapona. Hiyo ilichapishwa 2008. Atataja Shamiri, iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn, ambapo vijana waliomaliza shule ya upili juzi juzi huendesha vikao kwa wanafunzi wa sekondari. Atataja Makueni, ambako Profesa David Ndetei na wenzake waliwafunza waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua sonona. Jumlisha hayo, ataniambia, umsomeshe nani miaka saba?

Sikatai hata utafiti mmoja kati ya hizo. Ninachoomba ni zisomwe zote, pamoja na kurasa ambazo wapanga warsha huziruka. Chibanda ni daktari wa magonjwa ya akili. Waliotengeneza tiba ya Nakivale walikuwa wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, na walikuwa wameijaribu na kuiandikia mwongozo kabla ya kumkabidhi mtu yeyote. Kote huko mshauri wa kawaida alikuwa na msimamizi aliyesikiliza kesi zake mara kwa mara, aliyemwambia hapa umekosea, hapa mlete kwangu. Nyanya wa Harare akikutana na mtu anayepanga kujiua usiku ule, anajua nani wa kumwita. Waganga wa Makueni walifunzwa kutambua na kupeleka mbele, na mbele palikuwa na kliniki. Ushahidi huo wote unathibitisha kitu kimoja, kwamba mshauri wa kawaida hufanya kazi nzuri akiwa chini ya mtaalamu. Sisi tumenakili benchi, tumenakili fulana, tumemwacha mtaalamu Harare.

Hata hapa kwetu mfano upo. Kituo cha Wahanga wa Mateso, shirika kutoka Minnesota, kilipoanza kazi Dadaab mwaka 2011 kiliwaajiri wakimbizi wenyewe na kuwafunza ushauri, huku wanasaikolojia wakikaa nao wiki baada ya wiki wakiwasimamia. Yaani mkimbizi wa Dadaab alionekana anastahili mtaalamu nyuma ya mshauri wake, na mwananchi wa Bute aliyezaliwa ndani ya Kenya anaambiwa atosheke na cheti. Na tukiwa hapo: mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, miradi mingi ilifungwa katika muda wa wiki chache. Fulana zilibaki. Mtu aliye kwenye orodha ya mishahara ya kaunti haondoki kwa amri iliyotiwa sahihi Washington.

Wengine huja na hoja ya dini, wakidhani wamenifunga mdomo. Wanasema saikolojia ni elimu ya makafiri, na Muislamu ana Qur'an. Ndugu yangu, elimu hii ilikuwa kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kutibu mwili na kuisahau nafsi, akatenganisha hofu, hasira, huzuni na wasiwasi, kila kimoja na dawa yake. Alikuwa mwanachuoni, na aliona kwamba nafsi ina ugonjwa kama mwili ulivyo na ugonjwa. Karne kumi baadaye alikuja Malik Badri, Msudani wa Rufaa, aliyewashambulia wanasaikolojia Waislamu wanaomeza kila kitu kutoka Ulaya bila kutafuna. Kitabu chake cha 1979 bado kinawauma. Lakini Badri huyo aliisomea kwanza, Beirut na kisha Leicester, akahitimu, akafanya kazi hiyo, ndipo akawa na haki na uwezo wa kuikosoa. Hakukosoa akiwa nje ya mlango.

Sina ugomvi na kisomo cha ruqya. Nina ugomvi na mnyororo, na mwenye kuuza chupa ya maji kwa bei ya mbuzi. Maalimu wa kweli, ukimuuliza faragha, atakwambia mzigo umemlemea: watu humletea ndoto, mimba zilizoharibika, ndoa, watoto wasiosema, na yeye hana pa kuwapeleka. Kumwambia maalimu kwamba yeye anatosha ni kumtwika kazi ambayo hakuiomba, halafu akishindwa lawama ziwe zake.

Wazee ni jambo jingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo kauli ile huwa hatari. Wajir ina fahari ya wazee na akina mama wake, na ni fahari ya haki. Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walizima vita vya koo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na 2007 dunia ikampa tuzo ya Right Livelihood. Kupatanisha koo, wazee wetu wanaweza kuwafundisha maprofesa. Lakini kikao cha kupatanisha koo hulinda koo. Chukua msichana aliyebakwa. Kesi inapelekwa kwenye maslaha, wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mti, ngamia wanahesabiwa, mikono inashikwa, kesi imekwisha. Msichana hakuwapo. Halafu jioni, kwa mujibu wa marafiki zetu wanaosema jamii ina njia zake, msichana huyo aende kwa nani amwage moyo wake? Kwa mzee aliyepokea ngamia? Kwa kijana mwenye fulana, ambaye ni mpwa wa mzee aliyepokea ngamia?

Bute ni mji ambao habari ya asubuhi ikifika alasiri imekwisha kunywewa chai. Ndiyo maana sajili inayobezwa kwamba ni mambo ya makaratasi ina kazi kubwa huku kuliko Nairobi. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, Na. 14 ya 2014, iliunda bodi, ikaiamuru iweke sajili, ikafanya kuwa kosa kujiita mwanasaikolojia na kufanya kazi hiyo bila kuandikwa na kupewa leseni. Watu hudhani leseni ni taji la msomi. Kwa msichana wetu, leseni ni uwezo wa kushtaki. Siri yake ikitoka, kuna jina, kuna namba, kuna ofisi inayoweza kumnyang'anya aliyeitoa riziki yake. Mpwa wa mzee akiitoa, mtafanya nini? Mtamnyang'anya fulana?

Na kuna siri ambazo hadi juzi zilikuwa na askari ndani yake. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Familia zilificha, zikasema ameanguka, amekunywa dawa ya mifugo kwa bahati mbaya. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha katiba. Mlango umefunguliwa, mama anaweza kuleta kijana wake mchana kweupe bila kuogopa pingu. Anamleta kwa nani?

Historia nayo imo. Mwaka 1938 Hospitali ya Mathari, ambayo ilianza 1910 kama nyumba ya kufungia wendawazimu, ilikabidhiwa kwa daktari mmoja wa serikali ya kikoloni aitwaye J. C. Carothers. Alikuwa daktari wa kawaida. Hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipopewa kazi hiyo, na kwa nini asomee? Wagonjwa walikuwa Waafrika. Kutoka kwenye wodi ile, akiangalia watu ambao lugha zao hakuzijua, alitoa nadharia kwamba Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa ubongo. Shirika la Afya Duniani likamchapishia hayo 1953. Mwaka uliofuata serikali ya ukoloni ikamwagiza aeleze akili ya Mau Mau, akaandika kijitabu kilichougeuza mgogoro wa ardhi kuwa ugonjwa wa kichwa. Siwalinganishi vijana wetu na Carothers. Wao wana huruma na lugha ambazo yeye hakuwa nazo. Nawalinganisha waajiri. Wazo kwamba akili ya watu fulani inaweza kukabidhiwa yeyote aliyepo karibu lina umri mrefu Kenya, na tangu mwanzo lilikuwa ni kipimo cha thamani ya mgonjwa.

Nitakubali jambo moja bila kusukumwa: njia yenyewe ya kufikia sajili ni mbovu kwa mtoto wa Bute. Anahitaji C+ kwenye KCSE ili aingie shahada, kutoka shule ambayo huenda ilikaa mihula bila mwalimu wa hisabati. Akipita, KUCCPS inampangia chuo, na vyuo vyenye jina katika saikolojia viko Nairobi na jirani zake: Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, USIU, Daystar. Miaka minne. Nyumbani anaulizwa kila likizo kama hiyo ni kozi ya waliokosa udaktari. Vitabu anavyosoma vimejaa mifano ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani, na dodoso za kupima sonona anazofunzwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Akitaka kazi ya kitabibu lazima aongeze shahada ya uzamili, na hapo mkopo wa HELB aliosomea shahada ya kwanza umekwisha kumwachia deni. Kisha mazoezi chini ya msimamizi, na wasimamizi wako Nairobi, wagonjwa wa mazoezi wako Nairobi, wanazungumza Kiswahili cha Nairobi. Akimaliza amejua kumtibu mtu wa Umoja na Kayole. Kumtibu mtu wa Gurar huku kwetu atajifunza mwenyewe.

Wanaoliona hili husema, basi tumfupishie njia. Mimi nasema njia ipitishwe kwetu. Mazoezi yafanyike Hospitali ya Rufaa ya Wajir na ya Garissa, msimamizi aje mara moja kwa muhula na wiki nyingine asikilize kesi kwa simu ya video, jambo ambalo mtandao wa leo unaweza hata Bute, siku nyingi. Dodoso zitafsiriwe Kiborana na Kisomali na kupimwa kwa watu wa huku, na kazi hiyo iwe tasnifu za uzamili za wanafunzi wetu wenyewe, badala ya tasnifu ya elfu moja kuhusu msongo wa mawazo wa wanafunzi wa vyuo vya Nairobi. Kaunti hutoa basari kila mwaka, ikizigawa vipande vidogo vidogo ili kila mtu apate cha kushukuru; vipande vichache vikiunganishwa vinamfikisha mtu mmoja kwenye sajili, kwa mkataba wa kurudi. Na wale vijana wa fulana, sitaki wafukuzwe. Wengi wao ni wazuri. Wawe macho na masikio ya mtu aliye na leseni, na walio bora miongoni mwao wasomeshwe wao kwanza, kwa kuwa wameshaonja kazi na hawakuikimbia.

“Watasoma na hawatarudi.” Hii ndiyo husemwa mwisho, na husemwa kwa kicheko cha mtu anayejua watu wake. Nimechoka nayo. Tangu ugatuzi uanze 2013, wauguzi na maafisa wa kliniki wazaliwa wa huku wamerudi kwa sababu nafasi zilitangazwa na mshahara ukaja. Mwanasaikolojia wa Wajir anayefanya kazi kwenye shirika Nairobi hakuikimbia Wajir. Alikwenda kulikokuwa na meza. Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho 2022 imezipa kaunti jukumu la kutoa huduma hii katika vituo vyake na kuitengea fedha. Miaka miwili kabla yake jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikuwa limeiomba serikali itangaze afya ya akili kuwa janga la kitaifa. Ripoti zimeandikwa, sheria imetiwa sahihi, na bado nafasi ya mwanasaikolojia katika hospitali za mashinani ni kitu cha kuuliza kwa kunong'ona.

Kuhusu gharama, nitasema machache kwa sababu wanaoileta hoja hiyo wanazijua hesabu kuliko mimi. Warsha moja ina ukumbi, malazi, posho, mafuta ya gari, bango lenye nembo sita, na chakula cha mchana ambacho hakijawahi kucheleweshwa. Mwaka unaofuata hurudiwa na vijana wapya, kwa sababu wa mwaka jana wamepata kazi ya kuhesabu mifugo au ya ulinzi. Ikirudiwa miaka sita hivyo, pesa imetumika na Bute haina mtu. Kwa miaka hiyo hiyo sita, mmoja angekuwa amehitimu.

Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tutasomewa hotuba. Mimi siku hiyo huangalia matangazo ya kazi ya bodi ya utumishi ya kaunti. Natafuta tangazo lisilo refu: mwanasaikolojia mmoja, Hospitali ya Bute, awe na leseni ya bodi, azungumze Kiborana na Kisomali, atapewa msimamizi na chumba chenye mlango unaofungwa. Nikilisema hili kwa afisa yeyote, hunijibu haraka kwamba hakuna atakayeomba. Atangaze kwanza, tuone.